Sura ya Tano: Kicheko Kinachovuka Maji

Mwishoni mwa Aprili 2012, Mrisho Mpoto, mtoto wa Songea ambaye Watanzania wengi walikuwa wakimjua kwa wimbo wa "Salamu Zangu Mjomba", alipanda jukwaa la Shakespeare's Globe jijini London akiwa John Falstaff, na Falstaff huyo akafungua mdomo kwa Kiswahili. Ukumbi ule ni wa duara na katikati hauna paa. Watazamaji wapatao 700 husimama uani, na wengine hukaa kwenye roshani zilizouzunguka. Aprili ya mwaka ule ilikuwa na mvua nyingi kuliko Aprili zote zilizopimwa Uingereza tangu 1910. Mtu aliyelipa pauni tano kusimama kwenye uwanja wa namna hiyo, akisikiliza lugha asiyoijua, anakuwa amempa mwigizaji imani kubwa. Anakuwa pia hakimu mkali, kwa sababu akichoka mlango uko wazi.

Tamthilia iliyochezwa ni The Merry Wives of Windsor. Ililetwa na The Theatre Company ya Kenya pamoja na kundi la Bitter Pill la Uingereza, na Kiswahili chake kilitoka mikononi mwa Joshua Ogutu, ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa waigizaji. Ilikuwa sehemu ya tamasha la Globe to Globe lililokusanya tamthilia 37 za Shakespeare katika lugha 37 kwa muda wa wiki sita, London ikijiandaa kwa Olimpiki. Waandaaji walishika msimamo mmoja ambao naamini ulikuwa wa busara: hapakuwa na tafsiri ya kila mstari. Kwenye viwambo vilivyokuwa pembeni yalitokea maelezo mafupi tu ya kila onyesho, nani anataka nini na nani anamdanganya nani, basi. Mengine yote yaliachiwa sura, mikono, sauti na miguu ya waigizaji.

Kwa tamthilia ya majonzi, hilo lingeweza kuvumilika. Kilio kinaeleweka popote, na mtu asiyejua lugha anaweza kukaa kimya saa mbili, akatoka akisema ameguswa, na hakuna wa kumbishia. Kichekesho hakina maficho hayo. Watu wamecheka au hawakucheka, na jibu linapatikana papo hapo, mbele ya kila mtu. Ndiyo maana ukichunguza historia yetu ya kumpokea Shakespeare utaona tulianza na yale mazito. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akairekebisha 1969, mwaka uleule alipotoa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi alitafsiri Makbeth na Tufani. Kazi hizo zimesomwa zaidi kuliko zilivyochezwa, na msomaji hana haja ya kucheka kwa sauti. Ogutu alikuwa na mtihani mwingine kabisa, kwa kuwa maneno yake yalipaswa kuchekesha mdomoni mwa mwigizaji, mbele ya Waswahili waishio London waliokuja kusikia lugha yao na Waingereza waliokuja kumwona Falstaff wao.

Tuangalie mtihani wenyewe. Falstaff ni mzee mnene mwenye cheo na asiye na senti, anaishi kwenye nyumba ya wageni huku deni likipanda. Anaamua kuwatongoza wake wa matajiri wawili ili awachune. Anaandika barua mbili za mapenzi zilizo sawa neno kwa neno, amebadilisha majina tu. Wanawake wale ni mashoga, wanaonyeshana barua, na hapo hapo wanakula njama. Mara ya kwanza mume wa mmoja wao anarudi ghafla, Falstaff anasokomezwa ndani ya kapu la nguo chafu, watumishi wanalibeba na kwenda kulimwaga kwenye matope ya mto. Mara ya pili anavishwa nguo za bibi kizee na kutolewa nje kwa kipigo. Mara ya tatu anafungwa pembe kichwani na kuitwa msituni usiku wa manane, ambako watoto waliovaa kama mizimu wanamfinya mpaka anaomba radhi.

Barua mbili zinazofanana hazihitaji tafsiri. Kijana wa leo aliyewahi kukamatwa kwa kutuma ujumbe mmoja wa simu kwa wasichana wawili anajua joto lake. Mwigizaji anahitaji tu wanawake wawili, karatasi mbili, na macho yanayoteremka pamoja mstari kwa mstari. Mtazamaji anaiona hasira ikipanda kwa kipimo kimoja pande zote mbili, na anacheka kabla neno la kwanza halijasemwa. Kapu nalo ni hivyo hivyo. Tunajua aliyemo ndani, mume hajui, na kapu linapita mbele ya pua yake. Mchekeshaji yeyote wa Kiswahili amelelewa kwenye hali hii. Marehemu King Majuto wa Tanga alijenga nusu ya kazi zake juu ya mzee anayedhani amejificha vizuri.

Pembe ndizo zinazosumbua. Kwa Waingereza wa enzi ya Shakespeare, mume aliyesalitiwa alisemekana ameota pembe, na tamthilia yote inalichezea wazo hilo. Kwetu pembe ni za ng'ombe, za mganga, au za sungura wa hadithi aliyejibandika pembe za nta ili aingie kwenye karamu ya wenye pembe. Mume aliyesalitiwa hana pembe. Hapo mtafsiri ana njia mbili: asimame aeleze, na akieleza kicheko kimekufa, au aache maana ya Kiingereza izame, abaki na kinachoonekana, yaani mzee mnene mwenye pembe kichwani anayeamini amependeza. Kinachoonekana kinatosha, kwa sababu aliyejibandika pembe asizozaliwa nazo, popote duniani, ana jambo la aibu linalomsubiri mbele.

Wajapani walimpitisha Falstaff huyuhuyu kwenye njia hiyo miaka 21 kabla yetu. Mwaka 1991 profesa Yasunari Takahashi aliiandika upya tamthilia hii kwa mtindo wa kyogen, kichekesho cha jadi cha Japani chenye umri wa karne zipatazo sita, ambacho huchezwa katikati ya maigizo mazito ya noh ili watu wapumue. Falstaff akawa samurai wa majigambo. Familia ya Nomura, ambayo imerithishana kyogen baba kwa mwana, iliicheza Tokyo na kisha ikaipeleka Uingereza. Mwaka 2001 Takahashi na Nomura Mansai walirudi, safari hii kwenye jukwaa lilelile la Globe atakalolikanyaga Mpoto baadaye, wakiwa na The Comedy of Errors iliyogeuzwa kyogen, yenye kibwagizo cha kulalamikia mkanganyiko kinachorudiwa na kurudiwa mpaka masikio ya mgeni yanakizoea kama chake.

Kyogen inafaa kusafiri kwa sababu haikuwahi kutegemea maneno peke yake. Mwigizaji anatembea kwa nyayo zinazoteleza sakafuni, akizunguka jukwaa mara moja tumekubaliana amefika mji mwingine. Akifungua mlango usiokuwepo anautolea sauti kwa mdomo. Akicheka, kicheko chake kina umbo lililofundishwa tangu utotoni, kinaanza tumboni na kupanda kwa ngazi. Mtumishi mjanja aitwaye Taro Kaja ndiye anayetokea katika michezo mingi, na bwana wake siku zote ni mkubwa kwa cheo na mdogo kwa akili. Mtoto wa Kitanzania aliyekua na hadithi za Abunuwasi hahitaji kutambulishwa kwa Taro Kaja.

Ipo njia nyingine ya Kijapani, na kwa maoni yangu ndiyo inayotuhusu zaidi sisi ambao hatuna kundi, ukumbi wala mfadhili. Inaitwa rakugo. Mtu mmoja anapiga magoti juu ya mto, ana kipepeo cha kujipepea na kitambaa, na hasimami mpaka hadithi imalizike. Anawaigiza watu wawili au watatu kwa kugeuza kichwa tu: akitazama upande mmoja ni bwana, akitazama upande wa pili ni kibarua. Mtoto anaangalia juu, mzee anaangalia chini. Kipepeo kinakuwa vijiti vya kulia, kalamu, upanga, kiko. Kabla ya hadithi yenyewe anapiga porojo kidogo na vichekesho vifupi, na kazi ya porojo hiyo ni kuwapima watazamaji, aone wanacheka wapi, ndipo aamue jinsi ya kuwapeleka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 msimulizi mmoja wa Osaka, Katsura Shijaku wa pili, alianza kusimulia rakugo kwa Kiingereza, akaizungusha Marekani, Australia na kwingineko. Alikuwa mwanafunzi wa Katsura Beicho, bingwa mkubwa wa fani hiyo, na alikuwa ameshapata umaarufu wa kumtosha nyumbani. Alikuwa pia mtu wa kufikiri. Nadharia yake ilikuwa kwamba kicheko ni mkazo unaolegea ghafla: msimulizi anavuta kamba, anavuta, watu wanashika pumzi, kisha anaiachia. Kama hilo ni kweli, basi hadithi ya kupeleka nje ni ile ambayo mgeni anaweza kuiona kamba ikivutwa bila kufundishwa kwanza ni kamba ya nini.

Hadithi inayopendwa na wasimulizi wa rakugo wanaokwenda kusimulia nje ya Japani inathibitisha hoja hiyo. Mtu mvivu anapata kazi kwenye bustani ya wanyama. Chui mkubwa wa Asia amekufa, mwenye bustani hana pesa ya kununua mwingine, kwa hiyo anamvisha kijana ngozi ya marehemu na kumwingiza kwenye kizimba: alale, azunguke, angurume kidogo, jioni alipwe. Kazi inamnogea. Mara mtangazaji anawaambia wateja kwamba leo kuna jambo la pekee, simba ataingizwa kwenye kizimba cha chui wapigane. Lango linafunguliwa. Simba anasogea taratibu, kijana anatetemeka ndani ya ngozi, anasali, simba anaufikisha mdomo sikioni mwake na kunong'ona: usiogope, na mimi nimeajiriwa. Simulia hiyo Mwanza, Muscat au Toronto, haitabadilika hata sentensi moja.

Sasa kuna hadithi ya rakugo ambayo inawapa wasimulizi taabu kwa Kiingereza, nayo kwa Kiswahili inakaa kama iliyozaliwa kwetu. Mteja mmoja wa usiku anakula tambi kwa muuzaji wa barabarani. Bei ni sarafu 16. Anahesabu kwa sauti akiweka moja moja kwenye kiganja cha muuzaji: moja, mbili, mpaka nane, kisha anauliza saa. Muuzaji anajibu, tisa. Mteja anaendelea, kumi, kumi na moja, mpaka kumi na sita, anaondoka. Amelipa 15. Mjinga mmoja aliyekuwa akichungulia anafurahia ujanja huo, na usiku wa pili anakuja kuujaribu, ila kwa pupa anawahi mno. Anahesabu mpaka nane, anauliza saa, anajibiwa nne. Anaendelea: tano, sita, saba... Amelipa 20. Ugumu wake ni kwamba katika Japani ya zamani saa zilihesabiwa kurudi nyuma, kutoka tisa mpaka nne, kisha tisa tena. Usiku wa manane ulikuwa tisa, na kabla yake, kwenye saa zetu za kulala, ilikuwa nne. Kwa Kiingereza msimulizi analazimika kuieleza saa hiyo kabla hajaanza, au aitengeneze upya.

Mlete mteja huyo Kabwe. Ukitoka Sumbawanga kupitia Namanyere, barabara inauacha uwanda wa juu wa Ufipa na kuteremka mpaka Ziwa Tanganyika, na Kabwe ipo hapo chini, bandari ya wavuvi na wafanyabiashara wa pande mbili za ziwa. Usiku usio na mbalamwezi mitumbwi inatoka na taa kuvua dagaa, na nchi kavu kuna anayekesha akiuza chai na vitumbua kwa wanaosubiri. Tuseme chai na vitumbua vinagharimu sarafu 16 za mia mia.

"Mama, nyoosha mkono nikuhesabie. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane... Hivi mama, saa ngapi sasa?"

"Saa tisa, mwanangu."

"Kumi, kumi na moja, kumi na mbili..."

Kesho yake mpumbavu anakuja saa nne usiku. Hakuna cha kueleza. Kwetu saa tisa usiku ni saa tisa na saa nne usiku ni saa nne, tena saa nne yetu inaangukia karibu kabisa na ile nne ya Kijapani.  Msimulizi ashughulike na mambo mawili tu: mkono wa mama unaozidi kuwa mzito kwa sarafu, na uso wa yule wa pili anapotamka "tano" huku kitu ndani yake kikimwambia hesabu imekataa, lakini mdomo umeshaanza na hauwezi kusimama. Hapo ndipo ilipo kamba ya Shijaku.

Naing'ang'ania Kabwe kwa sababu mwalo wake ni ukumbi wa wageni uliopo tayari. Wanakutana pale Wafipa, Waha, Wasukuma waliohamia na mifugo, na Wakongo ambao Kiswahili chao kina lafudhi na maneno yake. Anayewachekesha wote hao usiku mmoja ameshapita mtihani ambao mchekeshaji wa Dar es Salaam, aliyezoea watu wanaoangalia runinga ileile, huenda hajaufanya. Anajifunza bila kufundishwa kwamba mzaha wa neno la mtaani unafia mguuni pake, na kwamba mzaha wa mtu aliyenaswa kwenye uongo wake unafika mpaka mtumbwi wa mwisho.

Ufipa haijaanza leo kuwasimulia wageni. Miaka ya 1960 mwanaanthropolojia wa Uingereza, Roy Willis, alikaa uwandani akikusanya hadithi, vitendawili na semi za Wafipa, na mwaka 1978 kitabu chake juu ya sanaa yao ya kusema kikachapishwa na Oxford. Ni kazi ya heshima, na bila yake mengi yangepotea. Lakini ni kitabu cha Kiingereza, na kitabu kinabeba maneno, hakibebi pumzi aliyoivuta msimulizi kabla ya kumwingiza sungura, wala waliokaa naye waliomjibu. Hadithi za Wafipa zilisafiri kwenda Ulaya. Wasimulizi wake walibaki. Nusu karne na zaidi imepita na safari haijakamilika.

Kuna aina moja ya mzaha ambayo ningependa isipande chombo chochote. Kwa miaka mingi jina la Sumbawanga limekuwa mtaji rahisi wa wachekeshaji wa Tanzania: litaje tu, ongeza radi na uchawi, ukumbi unacheka. Mgeni hacheki, kwa kuwa hajui anachotakiwa kukikumbuka, na ukianza kumweleza atakusikiliza kwa mshangao. Atauliza kama ni kweli. Katika nchi ambayo vikongwe wamewahi kuuawa kwa kudhaniwa wachawi, swali hilo halina jibu la kuchekesha. Mkoa wa Rukwa umelipia mzaha huo vya kutosha. Msanii anayeupeleka ugenini anawauza watu wake kwa bei ya kicheko ambacho hata hakipati.

Swali la lugha linabaki. Shijaku alichagua Kiingereza; Mpoto na wenzake walibaki na Kiswahili. Kwa kundi lenye waigizaji kadhaa, mavazi na kapu, mimi nipo upande wa Mpoto bila kusita. Kiingereza cha kuazima kinamfanya mwigizaji aifikirie sentensi badala ya kumfikiria mwenzake, na kichekesho kikichelewa nusu sekunde kimeoza. Kiswahili kilichotamkwa kwa uhakika mbele ya mtu asiyekijua kinampa kazi ya kutazama, na mtu anayetazama hucheka vizuri zaidi. Kwa msimulizi wa peke yake, hali ni tofauti, kwa kuwa hadithi yake yote imo mdomoni. Huyo aseme lugha ya wenyeji wake kadiri anavyoimudu, ila mlango wa kuingilia uwe wetu. Awafundishe kujibu "Pakawa!" anapowaita "Paukwa!" Dakika moja inatosha, na watu waliokwisha kukujibu kwa sauti hawana haya tena ya kucheka kwa sauti.

Kwa kijana wa Kabwe, Kirando au Namanyere anayerekodi vichekesho kwa simu na kuota jukwaa la nje: Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo ina ukumbi na tamasha lake linalopokea wasanii na watazamaji kutoka nchi za mbali, na nauli ya Bagamoyo ni ndogo kuliko ya London. Chagua hadithi moja ya nyumbani ambayo mtego wake unaonekana kwa macho. Isimulie mwaloni kwanza, mbele ya Wakongo, usiku wa kusubiri dagaa. Ondoa kila sentensi waliyohitaji kuelezwa, kisha uipeleke Bagamoyo.